Scott Forbush, mtu aliyeshika daftari la miale

Wazee wetu wa Lamu, Pate na Siu walikuwa na chombo chao kiitwacho mtepe, na chombo hicho hakikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mabaharia wa kale walisimuliana kwamba vyombo vya kushonwa vilipendwa kwa kuwa baharini mna majabali ya sumaku, na chombo chenye misumari kikiyakaribia hung'olewa misumari yote kikasambaratika. Mlima wa namna hiyo umetajwa hata katika Alfu Lela Ulela. Mafundi wa vyombo watakupa sababu nyingine: chombo kilichoshonwa hunepa, na kikikwama mwambani hakipasuki upesi. Sisi tulipokuwa watoto tuliyaamini majabali; tulipokua tukayacheka.

Walakini huko Brooklyn, New York, mwaka 1909, watu wenye akili zao timamu walishusha majini merikebu ya mbao iliyojengwa kwa kuepa chuma, na sababu yao ilikuwa hiyo hiyo sumaku. Misumari yake ilikuwa ya shaba, nanga zake za shaba nyeusi, na kamba zake za katani. Chuma kilichosalia ndani yake kilikuwa kidogo mno. Merikebu hiyo iliitwa Carnegie, na mwenyewe alikuwa Taasisi ya Carnegie ya Washington, katika idara yake iliyoshughulika na sumaku ya ardhi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka bahari za dunia kupima nguvu za sumaku, kwani kila nahodha ajua kuwa dira haielekei kaskazini ya kweli kila mahali, na dira iliyomo ndani ya chombo cha chuma hudanganywa na chombo chenyewe.

Katika safari ya mwisho ya merikebu hiyo, mwaka 1929, alikuwamo kijana wa Kimarekani aitwaye Scott Ellsworth Forbush. Leo jina lake hutajwa kila siku na wale wachunguzao jua na miale itokayo mbali angani, na wengi wao hulitaja kama mtu atajavyo jina la mtaa, bila kujua aliyeitwa hivyo alikuwa nani. Ndiye niliyemkusudia leo, msomaji wangu.

Alizaliwa tarehe 10 Aprili 1904, akalelewa shambani karibu na mji mdogo wa Hudson, katika jimbo la Ohio. Alisoma fizikia katika chuo cha Case, mjini Cleveland, akamaliza mwaka 1925. Miaka miwili baadaye aliajiriwa na ile idara ya sumaku ya ardhi, nayo ikamtupa mbali: ikampeleka Huancayo, katika milima ya Peru, mahali palipoinuka zaidi ya mita 3,300 juu ya bahari. Pahala hapo hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Karibu na hapo hupita ikweta ya sumaku, ambayo si ile tuijuayo katika ramani. Ukitundika sindano ya sumaku hapo hulala sawasawa kama mizani iliyotulia, haiinamishi kichwa kaskazini wala kusini.

Kazi ya kijana huyo ilikuwa kupima na kuandika, kesho kupima tena na kuandika. Ni kazi ambayo vijana wengi huikimbia, maana haina tamasha. Baadaye ndipo alipohamishiwa merikebuni, akaiona bahari ya Pasifiki kwa jicho la mpimaji.

Mwezi wa Novemba 1929 Carnegie ilitia nanga katika bandari ya Apia, kisiwani Samoa. Tarehe 29 ya mwezi huo walikuwa wakipakia petroli. Petroli hutoa mvuke, na mvuke huo ukijikusanya ndani ya chombo cha mbao hungoja cheche moja tu. Ukalipuka. Nahodha James Percy Ault alifariki, na pamoja naye kijana mtumishi wa chomboni. Merikebu iliyozungushwa bahari zote kwa miaka 20, ikapita dhoruba na barafu bila ajali ya kuimaliza, iliteketea ikiwa imefungwa bandarini, maji yametulia. Atakayesoma haya na ana ndugu yake aliyepakia madumu ya mafuta chomboni atanifahamu.

Forbush alisalimika. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alirudi Huancayo kwenye vipimo vyake, kisha akarejea Washington, na kwa muda akasoma zaidi katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Shahada ya udaktari hakuichukua. Jambo hili nalitaja kwa sababu nchini petu siku hizi mtu huulizwa cheti kabla ya kuulizwa kazi.

Hapa yatupasa tumwache kidogo, tuwatazame wengine, ili tujue ni mzigo gani uliomwangukia mikononi.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini wataalamu walikuwa wakisumbuliwa na jambo dogo. Chombo kilichotiwa umeme, hata kikifungwa vizuri namna gani, umeme wake ulikuwa ukivuja polepole. Kitu fulani kilikuwa kikipenya chuma na kuichezea hewa iliyomo ndani. Wengi walidhani kitu hicho chatoka ardhini, katika mawe yenye radi. Mwanachuoni wa Austria, Victor Hess, akaamua kwenda juu mwenyewe. Alipanda puto mara nyingi katika miaka ya 1911 na 1912. Safari yake mashuhuri ni ya tarehe 7 Agosti 1912, alipofika mita 5,350, akakuta kwamba huko juu miale hiyo ni mingi kupita ya chini, maradufu na zaidi. Basi haikutoka ardhini, ilitoka juu. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Lakini juu wapi? Mtu wa kwanza kushukiwa, kama tungekuwa mahakamani, ni jua. Hess alilifikiria jambo hilo mapema. Tarehe 17 Aprili 1912, siku ya kupatwa kwa jua, alipanda na vyombo vyake, akangoja mwezi ulifunike jua ili aone kama miale itapungua. Haikupungua. Tena alikwisha kupanda usiku, wakati jua liko upande wa pili wa dunia, na miale ilikuwa vile vile. Jua likaachiliwa huru. Ikajulikana kuwa miale hii ni chembechembe ndogo mno, zaidi zikiwa viini vya haidrojeni, zitokazo mbali kabisa nje ya ujirani wa jua letu, zikienda kwa kasi inayokaribia ile ya nuru.

Kesi ilionekana imekwisha. Forbush ndiye aliyeifungua upya, na ajabu ni kwamba hakuwa ameshika jambo lolote ila daftari.

Miaka ya 1930 Taasisi ya Carnegie ilipata mashine mpya za kupimia miale hiyo, zilizobuniwa na Arthur Compton na wenzake. Kila moja ilikuwa tufe la chuma cha pua la ukubwa wa lita 19 hivi, limeshindiliwa gesi ya agoni kwa shindikizo la mara 50 ya hewa yetu, na likazungushiwa risasi ili miale ya mawe ya karibu isiingie. Chembe ipitayo ndani ya gesi huacha umeme kidogo, na umeme huo ukaandikwa mstari juu ya karatasi ya picha, saa baada ya saa, mchana na usiku. Mashine ziliwekwa Cheltenham katika Maryland, Huancayo kule Peru, Christchurch nchini New Zealand, Teoloyucan nchini Mexico, na baadaye Godhavn katika Greenland. Forbush akapewa kuzisimamia na kuzisoma karatasi zake.

Sasa fikiri kazi hiyo ilivyokuwa. Mtu akitaka kujua kama bahari yetu inapanda mwaka hadi mwaka, hawezi kwenda ufukweni akaweka kijiti akatazama. Kuna maji kujaa na kupwa, kuna bamvua na maji mafu, kuna kusi na kaskazi, kuna mawimbi ya mashua ipitayo. Lazima avitoe vyote hivyo kwa hesabu, kimoja kimoja, na kile kibakicho ndicho bahari yenyewe. Miale nayo ina maji yake ya kujaa na kupwa. Hewa ikiwa nzito juu ya kichwa chako, miale mingi huzuiliwa na kipimo hushuka; hewa ikiwa nyepesi, kipimo hupanda. Joto la hewa ya juu nalo huleta mabadiliko yake ya majira. Tena mashine zenyewe huchoka. Forbush aliyatenga yote haya kwa subira ya mtu anayepepeta mchele wa harusi, na kwa hesabu ya takwimu ambayo wenzake wengi wa fizikia wakati ule hawakuijali. Alikuwa mgumu kuridhika. Mstari ukipanda, swali lake la kwanza lilikuwa kama umepanda kweli.

Mwishoni mwa Aprili 1937 ilitokea dhoruba ya sumaku. Neno dhoruba lisikudanganye ukadhani ni upepo na mvua. Ni siku ambazo sindano ya dira, mahali pote duniani, huanza kutetemeka na kuyumba bila mtu kuigusa, na simu za nyaya ndefu huharibika. Ilijulikana tangu zamani kwamba dhoruba hizo huja siku moja au mbili hivi baada ya jua kufanya ghasia katika madoa yake. Forbush alipozitazama karatasi zake aliona kwamba katika dhoruba ile miale ya mbali ilishuka ghafula, kisha ikarudi polepole kwa siku kadhaa. Ilishuka Cheltenham, ikashuka na Huancayo, nchi mbili tofauti, juu ya mlima na chini ya mlima, kwa wakati mmoja. Kosa la mashine haliwezi kutokea Maryland na Peru saa moja. Hata Hess mwenyewe, aliyekuwa na kituo chake juu ya mlima wa Hafelekar kule Innsbruck, aliiona dhoruba ile ile ikifanya vivyo hivyo.

Forbush aliandika habari hiyo mwaka huo huo. Tangu hapo mshuko wa ghafula wa namna hiyo huitwa kwa jina lake.

Iangalie maana yake. Jua haliileti miale hii; Hess alikwisha kulithibitisha hilo. Ila jua likighadhibika, miale hupungua. Basi jua si mwenye mali, ni bawabu. Amesimama mlangoni, na kuna siku afungua na kuna siku afunga. Anafungaje, Forbush hakujua, wala mtu mwingine hakujua kwa zaidi ya miaka ishirini. Wako waliodhani kwamba wakati wa dhoruba mkondo wa umeme huizunguka dunia na kuubadilisha ulinzi wake wa sumaku, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya miale kupungua.

Kisha vita vikaja. Mashine za miale hazijui vita, zikaendelea kuandika, ilhali Forbush mwenyewe aliazimwa na jeshi la majini la nchi yake kwa mambo ya sumaku na mahesabu. Msomaji atakumbuka kuwa mabomu ya baharini ya vita vile yalikuwa mengine yakilipuka kwa kuhisi sumaku ya chuma cha meli. Yule aliyesafiri katika merikebu isiyo na chuma sasa alikuwa akishughulika na usalama wa manowari za chuma.

Tarehe 28 Februari 1942 mashine zikaandika jambo ambalo halikuwahi kuonekana: miale haikushuka, ilipanda, tena ghafula. Siku zile zile makurunzi ya rada ya jeshi la Uingereza yalijazwa kelele, na maofisa wakashuku hila ya Wajerumani, mpaka mtaalamu wao J. S. Hey alipotambua kuwa kelele zatoka upande lilipo jua. Kulikuwa na kundi kubwa la madoa usoni mwa jua. Tarehe 7 Machi, kundi hilo lilipokuwa limefika ukingoni kwa mzunguko wa jua, miale ikapanda tena.

Mtu mwingine angekimbilia kuandika. Forbush aliona mara mbili na akanyamaza. Tarehe 25 Julai 1946 ikatokea mara ya tatu, baada ya mlipuko mkubwa juani, na ndipo alipochapisha, mwaka huo huo. Hata hapo, katika kichwa chenyewe cha habari yake, alitia neno la kuonyesha kwamba huenda, si hakika, chembe hizo zimetoka juani. Mimi nimefanya kazi na magazeti miaka mingi, na nakiri kwamba neno kama hilo sisi ndilo la kwanza kulifuta kwenye kichwa cha habari.

Hoja yake ilikuwa nzuri, na naomba nafasi niieleze, maana yatugusa sisi tukaao karibu na ikweta. Miale ilipanda Cheltenham, ikapanda Christchurch na Godhavn, lakini Huancayo haikupanda hata kidogo. Kwa nini? Dunia yetu ni sumaku kubwa, na nguvu zake huizunguka kama nyavu. Chembe yenye umeme ikija kutoka mbali hupindishwa na nguvu hizo. Kwenye ncha za dunia nyavu zimesimama wima, chembe huteremka kuzifuata kama mtu ashukaye kwa kamba. Kwenye ikweta nyavu zimelala, chembe lazima izikate, na isiyo na nguvu nyingi mno hurudishwa ilikotoka. Kwa hiyo kilichokuja siku zile tatu kilikuwa chembe zenye umeme, zenye nguvu za kutosha kupita Maryland lakini zisizotosha kupita Peru. Nuru isingebagua hivyo, na miale ya mbali kabisa ina nguvu za kupita hata ikweta. Zilikuwa chembe za jua lenyewe. Ndiyo kusema watu wa Mombasa na Lamu, pamoja na wenzao wote wa ukanda huu wa dunia, wanaishi chini ya ngao nene kuliko watu wa Ulaya na Canada, na hawaitozwi kodi.

Mlinganisho wa matukio haya mawili ni mzuri sana. Jua likilipuka, chembe zake zenye mbio hufika duniani kwa muda usiozidi saa chache, mara nyingine kwa dakika tu, na kipimo hupanda. Nyuma yake, siku moja au mbili baadaye, huja wingu kubwa zito la gesi yenye umeme na sumaku, nalo hupita kama ukuta na kuisukuma miale ya mbali isifike, na kipimo hushuka. Jua lile lile, kwa ghadhabu ile ile, huongeza kisha hupunguza.

Haya yote ni mambo ya saa na siku. Jambo lililomchukua Forbush muda mrefu zaidi ni la miaka. Tangu Mjerumani Heinrich Schwabe alipotangaza mwaka 1843, watu walijua kwamba madoa ya jua huongezeka na kupungua kwa duru ya miaka kama kumi na moja. Je, miale ya mbali nayo hufuata duru hiyo? Swali ni jepesi kuliuliza. Kulijibu kwataka mashine ambayo kwa miaka mingi haikubadilika, au kama imebadilika, mtu ajue imebadilika kiasi gani. Tena tofauti inayotafutwa ni ndogo: asilimia nne hivi kwa mashine zile. Mtu asipokuwa mwangalifu, uchakavu wa chombo utamletea asilimia nne za uongo na akazishangilia.

Forbush alingoja. Alikuwa na karatasi za mwaka 1937, jua lilipokuwa na madoa mengi. Za mwaka 1944, lilipokuwa safi. Na za mwaka 1947, lilipojaa madoa tena. Akalinganisha kituo na kituo, akaona vituo vilivyo mbali mbali vyote vyasema neno moja. Mwaka 1954 alichapisha matokeo: madoa yakizidi, miale hupungua, madoa yakipungua, miale huzidi. Mistari miwili ilikwenda kinyume kama pande mbili za pembea. Mwaka 1958 akaongeza miaka mingine, na duru mbili zikawa zimetimia. Nyuma ya mistari hiyo kulikuwa na kazi ya takriban miaka ishirini, na aghlabu aliifanya peke yake na kuitia sahihi peke yake.

Mwaka huo huo wa 1958 Mmarekani mwingine, Eugene Parker, alieleza kwa hesabu kwamba jua halitulii mahali pake bali hutoa daima upepo wa chembe zenye umeme, na upepo huo huchukua pamoja nao sumaku ya jua na kuisambaza mbali kupita sayari zote. Wengi hawakumsadiki mpaka vyombo vya angani vilipokwenda kuupima upepo wenyewe. Basi miale ya mbali ikija kwetu inakuja joshini, kama dau linalotaka kwenda kusini wakati wa kusi. Jua likiwa limetulia, upepo wake una mpangilio na dau hupenya. Jua likichafuka, sumaku iliyomo katika upepo huviringana na kufanya mafundo, miale hutupwa huku na huku, na michache ndiyo ifikayo.

Ule mzozo wa mkondo wa umeme uliozunguka dunia ulimalizwa mwaka 1960. Chombo cha Marekani kiitwacho Pioneer 5 kilikuwa kimekwenda mamilioni ya kilomita mbali na dunia, kikiwa na kipimo cha miale kilichotengenezwa na John Simpson na wenzake wa Chicago. Mwishoni mwa Machi mshuko wa Forbush ukatokea, na chombo kikauona huko huko kilipo, ambako ulinzi wa sumaku ya dunia haufiki. Kumbe mlango haukufungwa hapa kwetu. Ulifungwa huko nje, na wingu la jua lenyewe.

Heshima zilimjia Forbush akiwa mtu mzima. Mwaka 1962 alichaguliwa katika Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, na chuo chake cha zamani cha Case kikamtunuku udaktari wa heshima. Hakupata tuzo ya Nobel. Mkewe wa kwanza alikuwa mpiga piano, akafariki miaka ya sitini. Baadaye alioa tena, mwandishi wa vitabu. Peru hakuisahau. Alirejea kuuchunguza ule mkondo wa umeme upitao katika hewa ya juu sambamba na ikweta ya sumaku, akishirikiana na Mperu Mateo Casaverde. Mwaka 1969, mwaka aliostaafu, aliandika tena juu ya miale, akionyesha kwamba mabadiliko yake ya mchana na usiku yana duru ndefu zaidi, ya miaka 22, ambayo ndiyo duru kamili ya sumaku ya jua kugeuka na kurudi ilivyokuwa. Duru ya miaka 22 haionwi na mtu anayebadilisha kazi kila baada ya miaka mitatu.

Faida ya kazi yake sasa imo hata katika mambo ambayo yeye hakuyakusudia. Rubani na watumishi wa ndege zipitazo karibu na ncha ya kaskazini hupokea miale zaidi kuliko sisi tulio chini, na mashirika huangalia hali ya jua. Wanaotayarisha safari za watu kwenda mwezini hukabiliwa na hesabu ngumu: jua likitulia, miale ya mbali ni mingi, jua likichafuka, miale ya mbali hupungua lakini mlipuko mmoja kama ule wa Februari 1942 waweza kumdhuru aliye nje ya ngao ya dunia. Mwaka 2012 Mjapani Fusa Miyake na wenzake walionyesha kwamba pete za miti ya zamani zina alama ya chembe nyingi mno zilizoingia duniani katika mwaka 774 au 775, siku za Khalifa al-Mansur wa Baghdad. Wengi wa wataalamu hudhani lilikuwa jua, na lau Forbush hakuthibitisha kwamba jua laweza kurusha chembe kama hizo, dhana hiyo isingekuwa na pa kusimama. Mwaka huo huo wa 2012, mwezi wa Agosti, chombo cha Voyager 1 kilitoka nje ya eneo la upepo wa jua, na miale ya mbali ikapanda ghafula pale chombo kilipovuka mpaka. Kilikuwa kimempita bawabu.

Forbush mwenyewe alifariki Charlottesville, katika Virginia, tarehe 4 Aprili 1984, zikibaki siku sita atimize miaka 80. Tufe zile za chuma na risasi zimekwisha kupokewa zamu na mashine za aina nyingine, zilizobuniwa na Simpson tangu mwaka 1948, na vituo sasa ni vingi, kuanzia Greenland mpaka barafu ya kusini. Tarehe 10 Mei 2024 jua lilituma mawingu yake kwa kufuatana, sindano za dira zikayumba, na taa za kaskazini zikaonekana hata kaskazini mwa Mexico. Usiku ule vituo vilianza kuandika mstari unaoteremka, kimoja baada ya kingine, kisha kwa siku kadhaa ukapanda polepole, kama ule wa Aprili 1937.